Mwanangu kapewa asilimia 40 na chuo cha Marekani, mwenziwe kapewa yote. Hizi pesa hugawanywa vipi?

Mama Mikindani ameuliza:

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Swali langu ni la skolashipu za michezo za Marekani. Naomba anijibu mtu aliyeziona kwa macho yake, maana habari za kusikia nimepewa nyingi.

Kifungua mimba wangu ana miaka 19. Kamaliza kidato cha nne mwaka jana, kapata B. Ni kiungo. Kacheza timu ya shule mpaka mashindano ya kaunti, na sasa yuko na klabu ya mtaa hapa Mikindani. Video zake alizikata mwenyewe kwa simu akawatumia makocha wengi wa vyuo. Wengi hawakujibu. Mmoja wa chuo kidogo cha Divisheni ya Pili, majimbo ya katikati kule, alijibu, wakawa wanazungumza kwa video nami niko pembeni nasikiliza. Wiki iliyopita barua imeingia: skolashipu ya michezo, asilimia 40.

Nyumba ililipuka kwa furaha. Babu yake kawapigia simu jamaa wote wa Likoni. Mimi nilingoja watu walale ndipo nikaisoma barua vizuri. Nafanya kazi kwa wakala wa forodha, kutoa mizigo bandarini, na siku nzima nasoma ankara. Nambari isiyosema ni ya kitu gani huwa hainipi usingizi. Gharama zilizoandikwa kwa mwaka ni hizi: karo dola 20,000, ada nyingine 1,400, chumba na chakula 11,200, bima ya afya 2,400, vitabu 1,000. Jumla 36,000. Nikitoa asilimia 40 inabaki dola 21,600, ambazo kwa shilingi ni karibu milioni 2.8. Hiyo ni ya mwaka mmoja, na kusoma ni miaka minne. Basari ya kaunti haisogei hata karibu.

Jambo la pili ndilo linaloniumiza. Kuna kijana walikuwa pamoja shule ya bweni, wa kwao Uasin Gishu, mkimbiaji wa mita 5,000 na 10,000. Gredi yake ni C+. Naye kapata chuo cha Divisheni ya Pili, lakini kalipiwa kila kitu. Mwanangu tangu asikie hilo kanyamaza. Jana kaniuliza, "Mama, kwani mimi sitoshi?" Sikuwa na jibu.

Nani hasa huamua? Mbona mmoja apewe yote na mwingine kipande? Kipande huongezwa? Na barua kama hii hujibiwa vipi bila kumuudhi kocha?

---

Kipanga wa Tudor:

Hongera dada. Hapo hakuna siri, ukiwa bora sana wanakupa yote, ukiwa wa kawaida wanakupa kidogo. Mkimbiaji ana muda wake na saa haidanganyi mtu. Kuna mawakala huchukua laki moja na kitu wanakutafutia chuo kinacholipa yote. Binamu yangu alipitia njia hiyo. Msiikubali hiyo 40, mtajifunga.

---

Kocha wa Ganjoni:

Dada, hongera, na mfikishie kijana pongezi zangu. Kipanga, kaka yangu, najua unamtakia mema, lakini katika hili nakupinga, na nitasema kwa nini.

Mimi nilicheza soka kule Kansas, chuo kimoja cha NAIA, chama cha michezo cha vyuo vidogo, kisha nikabaki kama kocha msaidizi. Chumba ambamo hizi pesa hukatwa nimekaa ndani yake, na nimeona majina ubaoni yakipandishwa na kushushwa. Sasa nafundisha vijana hapa kisiwani. Nitaandika marefu kwa sababu swali la huyu mtoto, kama anatosha, linastahili jibu la hesabu.

Kwanza, jueni kwamba soka la wanaume ni mchezo wa kugawanya. Chama cha NCAA, kinachosimamia michezo ya vyuo na kuvipanga katika divisheni tatu, huweka kiwango cha juu cha skolashipu kwa kila timu, na katika Divisheni ya Pili kiwango cha soka la wanaume ni skolashipu 9. Timu ina wachezaji 28, 30, wakati mwingine zaidi. Hizo 9 kocha ana ruhusa kuzikata vipande anavyotaka: huyu nusu, yule robo, wa tatu vitabu tu, wengine hawapati chochote na bado wanafanya mazoezi kila siku. Kinachohesabiwa ni jumla ya vipande, isizidi 9. Wewe ni mtu wa bandari, utanielewa nikisema ni kontena moja la kuchangia: mita za ujazo hazibadiliki, na kila mzigo unaoingia unapunguza nafasi ya mwingine.

Pili, na hapa ndipo wazazi wengi hupotea, hizo 9 ni dari. Sheria inasema usizidi. Haisemi chuo kinazo pesa za 9. Vyuo vingi vidogo havifikii dari hiyo. Unaweza kumkuta kocha ana pesa za skolashipu 4 au 5 kwa timu nzima, na anashindana na jirani mwenye 9 kamili. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza kocha, kwa heshima kabisa, ni: timu yako inafadhiliwa skolashipu ngapi, na wachezaji ni wangapi? Kocha mwaminifu atakujibu. Sisi tulikuwa tukijibu.

Sasa tulivyokuwa tukigawa. Mwaka ukifika ukingoni tulianza na wanaomaliza masomo, kwa sababu pesa zao ndizo zinazorudi mezani. Akiondoka mlinda lango aliyekuwa na asilimia 70, kuna 70 za kugawa, na mara nyingi sehemu kubwa yake itakwenda kwa mlinda lango mwingine. Uti wa mgongo wa timu ulipewa kwanza: kipa, beki wa kati, kiungo mkabaji, mfungaji. Mabeki wa pembeni tuliwapata kwa vijana wa jimbo lile lile, wanaolipa karo nafuu na wanaotaka tu kucheza karibu na kwao. Mchezaji hodari kuliko wenzake wote angeweza kupewa kidogo kwa sababu nafasi yake ilikuwa imejaa mwaka ule. Hilo nimeliona kwa macho, na liliniuma, kwa sababu kijana aliyepewa kidogo hakuwahi kujua sababu. Alidhani ni miguu yake.

Na sasa kuna uhamisho. Wachezaji wa vyuo Marekani siku hizi huhama chuo hadi chuo kwa urahisi mno. Kocha akiwa na pesa kidogo ana kishawishi cha kumpa mtu wa miaka 21 aliyekwisha kucheza misimu miwili pale pale Marekani, kuliko kijana wa Mombasa aliyemwona kwenye simu. Kwa hiyo kocha aliyempa mwanao chochote kabla hajamwona uwanjani ameonyesha imani naye.

Sasa yule mkimbiaji. Riadha na mbio za nyika pia ni mchezo wa kugawanya: katika Divisheni ya Pili wanaume wana 12.6 kwa mbio za nyika na riadha pamoja. Lakini fikiria mtu wa 5,000 na 10,000 anavyotumika. Vuli anakimbia nyika. Majira ya baridi anakimbia ndani ya ukumbi. Masika anakimbia uwanja wa nje. Misimu mitatu kwa skolashipu moja. Kwenye nyika pointi za timu hutoka kwa wakimbiaji watano wa kwanza tu, kwa hiyo mmoja anayemaliza mbele anaibeba timu. Kwenye uwanja pointi huwa 10, 8, 6, 5, 4, 3, 2, 1, na mtu mmoja akishinda mbio mbili siku za mashindano amekuletea 20 peke yake. Kiungo hata awe hodari vipi hawezi kushinda mechi peke yake, nyuma yake kuna wenziwe kumi. Kocha wa riadha anaweza kuchukua 12.6 zake akawapa wachache kikamilifu na bado akashinda kombe. Kocha wa soka akifanya hivyo ataingia uwanjani na watu tisa.

Tena njia ya wakimbiaji wetu ni ya zamani. Henry Rono alikuwa mwanafunzi Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Paul Ereng alikuwa Chuo Kikuu cha Virginia aliposhinda dhahabu ya mita 800 Seoul mwaka 1988. Sally Kipyego alishinda mataji tisa ya NCAA akiwa Texas Tech. Kocha wa Marekani akisikia mkimbiaji wa Kenya ana picha tayari kichwani. Kiungo wa Mikindani hana mtu aliyemtangulia kumfungulia mlango huo.

Kwa hiyo mwambie mwanao hivi: walioulizwa ni makocha wawili wenye mahitaji mawili tofauti. Hakuna aliyewapima yeye na mwenziwe kwenye mizani moja.

Sasa barua yako. Dada, irudie usome neno linalofuata asilimia 40. Asilimia 40 ya gharama zote, au ya karo? Hizo ni pesa tofauti kabisa. Nenda ukaangalie kisha uniambie.

Kuhusu wakala: fungu ni la kocha na ofisi ya misaada ya fedha ya chuo. Wakala hana kiti kwenye chumba kile. Anachoweza kufanya ni kutuma barua pepe, na kijana wako ameshaonyesha anajua kuituma mwenyewe. Hiyo laki na kitu itamlipia mtihani wa Kiingereza, ada ya SEVIS, ile ya kumsajili mwanafunzi mgeni, ya dola 350 na ada ya viza ya dola 185, na huenda chenji ikabaki.

---

Mama Mikindani:

Kocha, Mungu akulipe. Nimeisoma tena. Ni ya karo. Imeandikwa chini kwa herufi ndogo, karo peke yake, bila ada. Basi ni dola 8,000, na kinachobaki ni 28,000. Milioni 3 na laki 6. Nimeona heri nimejua sasa kuliko kujua Agosti.

Hivi kocha anajua sisi hatuwezi pesa hizo? Au anadhani kuna serikali itatujazia?

---

Kocha wa Ganjoni:

Huenda hajalifikiria, kwa sababu wachezaji wake wengi ni Wamarekani, na Mmarekani ana mahali pa kujazia. Kijana wa kwao kutoka familia isiyo na uwezo hupata ruzuku ya serikali kuu inayoitwa Pell, ambayo kwa mwaka wa masomo 2024–25 ilifika hadi dola 7,395, na jimbo lake linaweza kuongeza. Kocha anampa robo, serikali inaongeza, maisha yanasonga. Mwanao hana haki ya ruzuku hiyo wala mikopo ya serikali yao. Tena kwenye vyuo vya umma mgeni hutozwa karo ya mtu wa nje ya jimbo, isipokuwa chuo kikubali kuiondoa.

Na kipengele hiki kisikupite: chuo hakitoi fomu ya I-20, ambayo ndiyo ya kuombea viza, mpaka kione ushahidi wa pesa za mwaka wa kwanza mzima. Skolashipu inaandikwa hapo, na pengo lote lazima lionekane kwenye akaunti ya benki ya mzazi au mdhamini. Mahojiano ya viza Nairobi yanaweza kurudi kwenye karatasi hizo hizo. Watu husema "ataenda atafanya kazi atajilipia." Mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kazi ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Hiyo inanunua viatu na mafuta ya kupaka. Karo hailipi.

Lakini kuna mlango ambao hujaugonga: masomo. B ya KCSE ina thamani. Vyuo vina skolashipu za masomo ambazo hazitoki kwenye fungu la kocha, na mwanafunzi akizipata kwa gredi zake hazihesabiwi kwenye zile 9. Kocha anapenda sana mchezaji wa namna hiyo. Tulikuwa na kijana tuliyempa asilimia 15 tu ya michezo, na kwa jumla alikuwa amelipiwa zaidi ya nahodha, kwa sababu ya alama zake za darasani. Kwa hiyo usimwandikie kocha "tuongezee." Mwandikie hivi: familia inaweza kulipa kiasi fulani kwa mwaka, hiki hapa, taja nambari ya kweli, je, ofisi ya usajili inaweza kumpima kwa skolashipu ya masomo, na tarehe ya mwisho ni lini? Kocha hataudhika. Makocha wanaudhika na mzazi anayesema ndiyo Machi kisha pesa zinakosekana Julai, wakati nafasi ile angeshampa mwingine.

Muulize pia kama hiyo barua ni ya mwaka mmoja. Za Divisheni ya Pili mara nyingi ni za mwaka mmoja mmoja. Katikati ya mwaka hawawezi kuikata kwa sababu ameumia goti au kiwango kimeshuka, lakini mwaka ukiisha wanaweza kuipunguza au kutoirudisha, na wanatakiwa wamjulishe kabla ya Julai 1. Akipunguziwa ana haki ya kukata rufaa ndani ya chuo. Wengi hawaitumii kwa kuona haya.

Na kuhusu klabu ya mtaa: NCAA huangalia mechi rasmi mtu alizocheza baada ya kumaliza shule. Akichelewa kujiunga na chuo zaidi ya mwaka mmoja huku anacheza ligi, anaweza kukatwa msimu. Kwa hiyo "tutangoja mwaka kesho kutwa" nayo ina bei yake.

---

Baba wa Kisauni:

Nimesoma yote hadi mwisho, ahsanteni. Mimi binti yangu yuko kidato cha tatu, anacheza voliboli, mrefu kuliko mimi. Je, wasichana nao hukatiwa vipande? Na nimesikia Divisheni ya Kwanza sasa wameondoa viwango, kwamba kila mtu anapata yote. Kuna ukweli?

---

Kocha wa Ganjoni:

Baba, hilo la binti ni habari njema, kaa nalo.

Marekani ina sheria ya mwaka 1972 inayoitwa Title IX. Inakataza chuo kinachopokea pesa za serikali kuu kubagua kwa jinsia, na kwa michezo maana yake ni kwamba pesa za skolashipu lazima zilingane na idadi ya wanawake na wanaume wanaocheza. Sasa futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti, peke yake ilikuwa na skolashipu 85 za wanaume katika daraja la juu. Ili mizani isimame, michezo mingine ya wanawake ikapewa zaidi. Kwa miaka mingi katika Divisheni ya Kwanza riadha ya wanawake ilikuwa na 18 na ya wanaume 12.6. Soka ya wanawake 14, ya wanaume 9.9. Na voliboli, sikiliza hapa: ya wanaume ilikuwa 4.5 za kugawanya, ya wanawake 12 nzima nzima, hazikatwi. Msichana alikuwa anapewa yote au hapewi. Michezo ya namna hiyo, ya kuhesabu vichwa, ilikuwa michache: ile futiboli, kikapu cha wanaume na cha wanawake, na kwa wanawake voliboli, tenisi na jimnastiki. Divisheni ya Pili voliboli ya wanawake ina 8, na huko hugawanywa.

Hapa Mombasa tunawasukuma wavulana. Video za wavulana zimejaa, za wasichana hakuna. Naona uchungu kila nikilifikiria, kwa sababu pesa ziko upande ambao hatuangalii.

Kuhusu mabadiliko: ni kweli nusu. Juni 2025 mahakama ya shirikisho, Jaji Claudia Wilken, iliidhinisha mapatano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, na kuanzia Julai 1, 2025 vyuo vya Divisheni ya Kwanza vilivyojiunga na mapatano hayo haviwekewi tena kiwango cha skolashipu. Badala yake kuna kiwango cha watu kikosini. Soka 28, voliboli ya wanawake 18, riadha 45, mbio za nyika 17, kikapu 15, futiboli yao 105. Chuo kikitaka kuwalipia wote 28 wa soka kikamilifu, ruhusa ipo.

Ruhusa ipo, lakini pesa zimepatikana wapi? Mapatano hayo hayo yanaruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa 2025–26, na sehemu kubwa inakwenda kwa futiboli na kikapu cha wanaume, kwa sababu ndiyo michezo inayoleta pesa za televisheni. Kocha wa soka au wa riadha anabaki na bajeti ile ile au ndogo zaidi, na zaidi ya hapo kikosi kimefungwa: zamani angeweza kumchukua kijana anayejilipia awe wa 35, sasa hawezi. Kwa mgeni kuna tatizo jingine, viza ya mwanafunzi ina masharti makali ya kazi, na malipo hayo mapya yanawatia wageni mashakani. Kwa hiyo bado wanagawa. Divisheni ya Pili, viwango nilivyovitaja juu bado ndivyo. Divisheni ya Tatu haitoi skolashipu ya michezo kabisa, na vyuo vya Ivy League, Harvard na wenziwe, navyo havitoi, msaada wao ni kwa uwezo wa familia.

Binti akae sawa na masomo. NCAA wanataka masomo 16 ya msingi ya sekondari, na wastani wa alama wa 2.3 kati ya 4 kwa Divisheni ya Kwanza, 2.2 kwa ya Pili. Hesabu na Kiingereza asiziache zianguke. Kidato cha tatu bado ana muda.

---

Mkimbiaji wa Changamwe:

Niongeze kidogo kwa Mama Mikindani, kwa sababu mimi nilipata "yote" na nataka kijana wako asije akaionea wivu bila kujua. Yote ilikuwa karo, ada, chumba, chakula, vitabu. Tiketi ya ndege ya kwanza ilichangwa na ukoo. Kisha kodi. Mgeni skolashipu yake ya karo na vitabu haitozwi, lakini sehemu ya chumba na chakula inatozwa, na kwa sisi wenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, hukatwa asilimia 14. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kutuondolea hilo. Kwa chumba na chakula cha dola 11,000 ni dola 1,540 kwa mwaka, na inakuja wakati hujajipanga. Rafiki yake wa Uasin Gishu aambiwe mapema.

Na misimu mitatu aliyoitaja Kocha ni kweli kabisa, hupumziki. Nilikuwa nakimbia kuanzia Agosti hadi Juni. Kocha aliyenilipia kila kitu alitaka pointi kila wikendi.

---

Mama Mikindani:

Narudi na majibu, maana mmenisaidia na si haki niondoke kimya.

Nilimwandikia kocha kama ulivyosema, na nambari yetu ya kweli nikaiweka. Alijibu siku ya pili, kwa adabu sana. Timu yake inafadhiliwa skolashipu 5, wachezaji ni 31. Barua ni ya mwaka mmoja. Ofisi ya usajili inaweza kumpa skolashipu ya masomo ya dola 7,000 kwa gredi zake, matokeo yakifika yamethibitishwa kabla ya tarehe waliyoitaja. Hapo kinabaki 21,000. Bado ni zaidi ya milioni 2.7. Sina, na sitajidanganya kwa kuuza kiwanja.

Ila nilikaa na mwanangu tukapiga hesabu. Tano kwa watu 31 ni wastani wa 0.16 kwa kila mmoja. Yeye kapewa 8,000 kati ya 36,000, yaani 0.22. Kapewa zaidi ya wastani, na kocha hajawahi kumwona ana kwa ana. Kaiangalia hiyo karatasi kwa muda, kisha kaniomba abaki nayo.

Sasa kuna chuo cha miaka miwili cha Texas, cha NJCAA, chama cha michezo cha vyuo vya namna hiyo, kocha wake kaandika juzi. Anasema anaweza kulipa "karibu kila kitu." Nimejifunza kutoliamini neno karibu. Nimuulize nini?

---

Kocha wa Ganjoni:

Dada, hiyo hesabu ya 0.22 kwa 0.16 ningetamani kila mzazi aipige.

Chuo cha miaka miwili usikidharau hata kidogo. Muulize kwanza wao ni Divisheni gani ya NJCAA. Ya Kwanza inaruhusiwa kulipa karo, ada, chumba, chakula, vitabu, na hata nauli ya kwenda na kurudi mara moja kwa mwaka. Ya Pili inaishia kwenye karo, ada na vitabu, kwa hiyo chumba na chakula ni juu yenu. Ya Tatu haitoi kitu. Pili, bweni liko ndani ya chuo au watapanga nyumba nje? Vyuo vingi vya aina hiyo havina mabweni. Tatu, bima ya afya inalipwa na nani. Nne, masomo atakayochukua yanahamishika kwenda vyuo vya miaka minne, na wachezaji wake wa mwaka jana wamehamia wapi. Aorodheshe vyuo. Majibu yote yaandikwe kwa dola, asilimia hatuzitaki.

Na yule wa kwanza usimfungie mlango. Mwambie ukweli, kwamba mwaka huu pengo hamliwezi, na kwamba kijana akimaliza miaka miwili angependa azungumze naye tena. Makocha huwakumbuka watu waliowajibu vizuri, na wakati huo atakuwa yule mchezaji wa miaka 21 aliyekwisha kucheza Marekani.

---

Mama Mikindani:

Nimeuliza. Ni Divisheni ya Kwanza, bweni liko ndani, bima ni juu yetu, dola 1,900. Nauli hailipwi. Hiyo tunaiweza, tukikaza.

Ila anataka mechi nzima, dakika 90 bila kukatwa, ya kamera iliyosimama juu, ili aone anavyotembea asipokuwa na mpira. Wana mechi Jumamosi saa kumi jioni. Kama kuna mwenye kamera na stendi ndefu maeneo ya Mikindani, Changamwe au Jomvu, aniandikie bei yake hapa hapa.